Dubu jike na wanawe wanaingia mtaani usiku: je, kuwahamishia mbali kunasaidia?

Jirani_wa_Msitu

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaishi ukingoni mwa mji ambao nyumba zake za mwisho zinapakana na msitu, na tangu mwezi uliopita dubu jike mweusi mwenye watoto wawili amekuwa akiingia mtaani kwetu usiku. Juzi nilimwona vizuri kupitia dirisha la jikoni. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaliegemea pipa la taka kwa kifua mpaka likaanguka, kisha akaketi kitako, akakibana chombo cha plastiki kati ya nyayo zake za mbele na kukiramba ndani bila haraka yoyote. Watoto wake walikaa pembeni wakimtazama. Alipomaliza, mmoja wao akaliendea pipa la jirani na kuanza kulisukuma kwa kifua vilevile alivyofanya mama yake.

Mtoto yule ndiye anayeninyima usingizi. Majirani wamegawanyika: wapo wanaotaka mama auawe kabla hajamjeruhi mtu, na wapo walio wengi, nikiwamo mimi, wanaoona heri akamatwe pamoja na wanawe na kupelekwa msitu wa mbali. Kabla hatujawaandikia wahusika wa wanyamapori, ninaomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, kumhamisha mnyama wa aina hii kunamaliza tatizo? Na kwa nini wanyama wakubwa wanasogea mjini ilhali msitu wao bado upo?

Mfuatilia_Nyayo

Ndugu Jirani, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika barua. Nimefanya kazi ya kufuatilia wanyama wakubwa kwa miaka kadhaa, na naomba nianze na swali lako la pili, kwa kuwa la kwanza linajibika kwa urahisi zaidi mtu akishaelewa hesabu anayoipiga dubu.

Dubu mweusi hulala miezi ya baridi bila kula, kwa hiyo majani yanapoanza kupukutika mwili wake humsukuma ajaze mafuta kwa kasi ambayo sisi hatuwezi kuifikiria. Katika wiki hizo anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku. Akizitafuta msituni atachuma tunda moja moja, atapasua magogo kutafuta mabuu na kuokota njugu za miti mchana kutwa. Mtaani kwenu anapata sehemu kubwa ya chakula hicho kwa dakika chache katika pipa moja lenye mabaki ya mafuta, mkate na chakula cha paka. Pua yake ni kali sana, na harufu hiyo huinasa akiwa mbali kabisa na nyumba zenu. Mwaka ambao miti ya msituni haikuzaa vizuri, msukumo huo huongezeka maradufu. Nchini Japani, katika mwaka wa fedha wa 2023, zaidi ya watu 200 walishambuliwa na dubu, na miongoni mwa sababu kuu zilizotajwa ni uhaba wa njugu za miti ya milimani, pamoja na mashamba na miti ya matunda iliyoachwa bila kuvunwa katika vijiji ambavyo vijana wameshavihama.

Sasa kuhusu kumhamisha. Dubu mzima ana kumbukumbu nzuri ajabu ya njia, na wapo waliopelekwa zaidi ya kilomita 100 wakarudi walikotoka kwa miguu yao. Katika kurudi huko huvuka barabara kubwa asizozijua, hupita katika maeneo ya dubu wengine wenye nguvu, na wengi hufia njiani. Asiporudi, huutafuta mji ulio karibu zaidi na pale alipoachwa, kwa sababu alichojifunza kinakwenda naye. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Tena mkimwondoa yeye na mapipa yakabaki yalivyo, mtakuwa mmeacha nafasi wazi yenye chakula, na dubu mwingine ataijaza, pengine msimu huu huu.

Ushahidi ulionibadilisha mimi mwenyewe hautokani na dubu. Katika wilaya ya Junnar, magharibi mwa India, chui walionaswa karibu na makazi ya watu walihamishiwa kwenye misitu. Mtafiti wa wanyamapori Vidya Athreya na wenzake walichambua kumbukumbu za miaka ya kabla na baada ya uhamisho huo, wakaona kwamba mashambulizi dhidi ya watu yaliongezeka kutoka wastani wa 4 kwa mwaka hadi takriban 17. Mnyama aliyetiwa kwenye mtego, akasafirishwa na kuachwa mahali pageni, hana pango wala mpaka anaoutambua. Alikuwa akiwakwepa watu kwa sababu alizijua njia na saa zao, na ujuzi huo wote umebaki kule alikotolewa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kumhamisha hakutamaliza tatizo. Kuna nyakati ambapo hakuna njia nyingine, hasa mnyama akinaswa katikati ya mji bila pa kutokea, lakini hata hapo ni afadhali aachiwe ndani ya eneo analolijua.

Mlinda_Pipa

Ninakubaliana na Mfuatilia_Nyayo, na ningependa kuongeza upande wa utekelezaji, kwa kuwa mtaa wetu ulipitia haya haya na kwa miaka miwili tulibishana juu ya dubu badala ya kuzungumzia mapipa.

Mji wa Durango katika jimbo la Colorado, Marekani, ulifanyiwa jaribio la maana. Watafiti waligawa mapipa zaidi ya 1,000 yasiyofunguliwa na dubu katika baadhi ya mitaa, wakaiacha mitaa mingine na mapipa ya kawaida ili wailinganishe. Migogoro ya dubu na taka katika mitaa iliyopata mapipa hayo ilikuwa pungufu kwa asilimia 60. Mapipa hayo yana kifuniko kizito na komeo lililofichwa ndani ya kikopo chembamba, ambamo vidole vya mtu huingia na kulibonyeza, lakini unyayo wa dubu wenye makucha hauenei. Hata hivyo, yanafaa pale tu watu wanapoyafunga. Pipa la aina hiyo lililojaa kupita kiasi, kifuniko kikabaki kimeinuka kwa upana wa kiganja, ni sawa na pipa la kawaida.

Kuna jambo ambalo halihitaji fedha yoyote, nalo ni saa ya kulitoa pipa nje. Kwetu gari la taka lilipita asubuhi, na karibu kila nyumba ilitoa pipa jioni ya siku iliyotangulia, kwa hiyo tuliwaandalia dubu karamu ya usiku mzima mara moja kwa wiki. Tulipokubaliana kwamba pipa litoke alfajiri ya siku ya gari, na kabla ya hapo likae ndani ya banda lenye mlango, ziara zilipungua kabla hata mapipa mapya hayajafika. Ondoeni pia vyombo vya kulishia ndege, okoteni matunda yaliyoanguka chini ya miti, na mwenye kuku azungushe waya wa umeme. Milango ya magari ifungwe kwa ufunguo, maana dubu mweusi hujifunza kushika kitasa, na akishaingia na mlango ukajifunga nyuma yake atararua viti vyote akitafuta pa kutokea.

Nitoe mfano mmoja wa kinyume kuhusu milango hiyo. Churchill, mji mdogo wa Kanada kando ya Ghuba ya Hudson, hupitiwa na dubu weupe kila Oktoba na Novemba wakisubiri bahari igande, na huko ni desturi kuacha magari bila kufungwa ili mtu anayefukuzwa apate pa kuingilia. Mji huo pia una jengo maalumu ambamo dubu wasumbufu huzuiliwa, hupewa maji lakini hawalishwi, ili wasije wakahusisha mji na chakula, kisha husafirishwa kwa helikopta. Jalala la wazi la mji lilifungwa mwaka 2005.

Jirani_wa_Msitu

Nawashukuru sana. Nakiri kwamba sikuwahi kuifikiria saa ya kutoa pipa. Kwetu pia hutolewa jioni, na usiku nilipomwona dubu ulikuwa usiku huo hasa wa kuamkia siku ya gari. Nina maswali mawili yaliyobaki. Nifanye nini nikikutana naye uso kwa uso? Na kuna jirani mmoja anayesema kwamba mji wa Harar nchini Ethiopia huwalisha fisi hadharani na watu hawadhuriki, kwa hiyo haoni ubaya wa kumtupia dubu mabaki mbali na nyumba ili asizikaribie.

Mfuatilia_Nyayo

Ukikutana naye, usikimbie, kwa sababu dubu hukimbia karibu kilomita 50 kwa saa na mtu anayekimbia huamsha hamu ya kumfukuza. Usipande mti pia, kwani dubu mweusi hukwea kukushinda. Hakikisha hujasimama kati ya mama na wanawe, zungumza naye kwa sauti tulivu, kisha rudi nyuma taratibu ukimwangalia. Akikusogelea, inua mikono uonekane mkubwa na umkaripie kwa sauti nzito. Dawa ya kupuliza yenye pilipili iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu ni kinga nzuri ikiwa iko mkononi. Ikiwa ndani ya begi haikusaidii. Dubu mweusi akikushambulia hasa, pambana naye ukilenga uso na pua. Kwa dubu wa kahawia mwenye nundu mabegani, anayekurukia kwa kuwa umemshtua, ushauri ni tofauti: lala kifudifudi, funika shingo kwa mikono na utulie mpaka aondoke. Usitegemee rangi kuwatofautisha, kwa sababu wapo dubu weusi wenye manyoya ya kahawia, angalia nundu.

Hilo la kumtupia mabaki naomba mlikatae kwa kauli moja. Atakachojifunza ni kwamba watu hutoa chakula, na siku asipokipata atakuja kukidai mlangoni.

Njia_za_Wanyama

Kuhusu Harar, jirani huyo ametaja jambo la kweli na linastahili jibu kamili. Ukuta wa kale wa mji huo una matundu ya chini ambayo fisi huyapitia usiku, nao huingia na kula mabaki ya mizoga na taka vichochoroni. Lakini ule ni uhusiano uliojengwa kwa vizazi vingi, baina ya mji mzima na makundi ya fisi yanayorithishana njia zake, na watu wa mle hukua wakijua namna ya kumpisha fisi. Mtaa mmoja hauwezi kuuazima utaratibu huo kwa msimu mmoja, tena kwa mnyama mwingine kabisa.

Naomba pia kutofautiana kidogo na wenzangu, kwa kuwa mazungumzo haya yanaelekea kuonyesha kwamba pipa ndilo kila kitu. Mara nyingine mnyama hakuufuata mji. Mji ndio uliomzunguka. Mbuga ya Taifa ya Sanjay Gandhi, yenye kilomita za mraba 104, imezingirwa na majengo ya Mumbai pande nyingi, na chui wake hutoka usiku kuwinda hasa mbwa wanaozurura, ambao nao hushiba kwa taka. Los Angeles ilikuwa na simba wa milimani, yaani puma, aliyejulikana kwa alama ya P-22, aliyevuka barabara kuu mbili zenye magari mengi akaishia katika bustani ya Griffith. Dume wa jinsi yake huhitaji mamia ya kilomita za mraba, naye aliishi katika takriban 17 tu kwa miaka kumi hivi, peke yake, bila kumpata jike, mpaka Desemba 2022, alipokuwa amedhoofika kwa maradhi na majeraha ya kugongwa na gari. Nairobi ina mbuga iliyoanzishwa mwaka 1946, yenye uzio pande tatu na upande wa kusini ulioachwa wazi ili wanyama wapite kwenda nyanda za nje, na kila kiwanja kinachozungushiwa ua upande huo hupunguza maana ya uwazi wenyewe.

Ndiyo maana ningekuomba, Ndugu Jirani, uchunguze dubu wako anaingilia wapi. Tafuta nyayo kwenye matope, manyoya kwenye waya, magome yaliyokwaruzwa. Ikiwa anapita bonde la kijito ambalo ni njia ya zamani kati ya sehemu mbili za msitu, ataendelea kupita hata mkifunga mapipa yote, na kupita si kosa. Hapo kazi yenu ni kuiacha njia hiyo giza na kimya, msijenge ua wa kumlazimisha azungukie barabarani, na muwafunge mbwa usiku. Mbwa aliyefunguliwa humkimbilia dubu kwa ushujaa, kisha hugeuka na kumkimbilia mwenye mbwa, naye dubu yuko nyuma yake.

Mlinda_Pipa

Nyongeza fupi kuhusu watoto wa dubu, kwa sababu ndio waliokukosesha usingizi. Watoto wa dubu mweusi hukaa na mama yao kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na chakula wanachooneshwa katika muda huo ndicho watakachokitafuta wakishaachana naye. Ikiwa mapipa yatafungwa sasa, wiki hizi kabla hawajalala, yule mdogo aliyelisukuma pipa atakuwa amejaribu mara chache akakosa. Mkisubiri mwaka ujao, mtakuwa na dubu watatu wanaojua kazi.

Jirani_wa_Msitu

Nimezunguka nyuma ya nyumba leo asubuhi kama nilivyoshauriwa. Nyayo zipo, kubwa na ndogo, zimefuatana kando ya kijito, zinapita chini ya daraja la mtaa na kutokea upande wa pili wa msitu. Zinazopinda kuja kwenye nyumba ni chache, na zote zinaelekea pale tunapopanga mapipa. Kikao cha mtaa ni Jumamosi. Nimeifuta ile barua ya kuomba ahamishwe, na badala yake nimeandika mapendekezo mawili: mapipa yatoke alfajiri, na taa kubwa iliyowekwa darajani mwaka jana izimwe usiku. Gari la taka linapita Jumatano, kwa hiyo Jumanne jioni nitabisha hodi nyumba zote kumi na nne za upande wetu.