Kala kitu cha tatu, halafu eti HAKIJAMSAIDIA

KeteMoja:

Wakuu, leo mtanivumilia, hasira zimenifika kooni.

Baldur's Gate 3, ile gemu ya kompyuta ya uchawi na kurusha kete. Namtaja mara moja tu, Gale, mchawi wa kundi letu, mnamjua wote. Yule wa joho la zambarau na ndevu zilizochongwa kwa rula, ambaye ukimuuliza choo kiko wapi anaanza na historia ya maji. Huyo huyo.

Kala kitu cha tatu. Kakimaliza. Halafu kasimama kambini, mkono kifuani, anatoa taarifa kwamba safari hii nafuu hakuna.

Nafuu hakuna!

Tuliambiwa ana balaa kifuani, sawa. Tukaambiwa balaa lenyewe linatulizwa kwa kufyonza vitu vya uchawi, sawa. Na si vitu vyovyote, maana mheshimiwa ana mdomo wa kuchagua: vya kawaida hagusi, anataka vyenye rangi ya kijani kwenda juu, yaani vilivyo adimu kidogo au zaidi. Unafungua orodha, unachagua, anakishika, kinang'aa, kwaheri ya kuonana. Hakirudi ukimfukuza, hakirudi akifa. Withers, yule mzee mfu wa kambini, anafufua maiti kwa dhahabu 200 na anakufutia levo zako zote ujipange upya kwa dhahabu 100, lakini kilichoingia kwenye kifua kile hata Withers hana bei yake.

Sasa tazameni uhuni wa hesabu yenyewe. Kitu cha kwanza unampa takataka, mwanzoni kila mtu ana takataka. Cha pili unampa takataka iliyobaki. Cha tatu takataka imekwisha! Mzigoni vimebaki vinavyofanya kazi tu. Ndiyo maana cha tatu lazima kiume. Ule mkufu wa Misty Step wa kule kambi ya goblini, unaokurusha mita 18 kwa tendo dogo, na tendo lako kubwa la kupiga mtu bado unalo mkononi. Huo ndio ulioliwa. Huo ndio HAUJAMSAIDIA.

Halafu ukikaribia nchi ya giza anatokea babu, anaomba chakula, anashambulia jibini, kisha anampa tiba na balaa linatulia. Papo hapo. Kuanzia hapo mheshimiwa hahitaji kula hata msumari. Kumbe dawa ilikuwa njiani muda wote, na bei yake ni jibini!

Kitu cha tatu, jamani. Si angenyamaza tu akala zake.

GoblinMstaafu:

Hahaha, povu lote hilo kwa mkufu mmoja. Mkuu, orodha uliifungua wewe, kitu ukachagua wewe, yeye kapokea. Ulitaka akurudishie na risiti?

Dawa ya huyo bwana iko mwanzo kabisa wa gemu. Pale msituni kwa druidi, wale wachawi wa mazingira, mwokoe yule binti Arabella kwa Kagha, mkuu wao, kabla nyoka wake hajamuuma, kisha zungumza na wazazi wake. Mama yake anakupa kile kidani cha Komira. Kazi yake ni kuwasha taa zinazocheza hewani. Taa! Kwenye gemu ambayo mwenge unaushika mkononi. Hicho ndicho chakula chake rasmi, kiwekwe kambini kwenye sanduku kisubiri siku yake.

KeteMoja:

Kidani ndicho alichokula CHA KWANZA. Umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari?

GoblinMstaafu:

Kichwa cha habari.

BabuWaJibini:

Naomba babu aheshimiwe. Ana jina, anaitwa Elminster, na ametembea nchi nzima kwa miguu kuleta ujumbe wa mungu wa kike. Kipande cha jibini ni nauli halali.

Kama hutaki kulisha, usizurure. Maombi yake yanakuja kadiri unavyolala na kusogea mbele, na tiba iko kwenye kuingia sura ya pili. Mtu anayelala kila baada ya kuua panya mmoja atamlisha vyote vitatu. Anayelala pale tu nafasi za uchawi zinapokwisha kabisa anaweza kufika kwa babu na kitu cha tatu kikiwa bado mfukoni.

KeteMoja:

Halafu ukipunguza kulala unakosa matukio ya kambini, maana nusu ya hadithi za wahusika zinatokea usiku. Kwa hiyo tuchague: tusikilize hadithi, au tuhifadhi mkufu. Huo ni ubunifu au ni ujambazi?

PangaLaMoto:

Mnalia mikufu, mimi nalia zamu. Huyu huyu bwana.

Anampa Lae'zel, mpiganaji wetu, ule uchawi wa kasi, Haste. Tendo la ziada, kinga imepanda kwa 2, kila kitu kitamu. Uchawi ule unashikiliwa kwa umakini, na umakini wa bwana huyu ni wa kuku. Goblini mmoja aliyesimama juu ya paa anarusha mshale wa damu 4, inapigwa kete ya kujinusuru dhidi ya 10, anashindwa. Umakini umevunjika. Na Haste ikikatika, aliyepewa anaishiwa nguvu zamu nzima! Lae'zel na panga lake la mikono miwili anasimama katikati ya maadui sita kama nguzo ya umeme.

Dawa: levo ya 4 mpe kipaji cha War Caster, anapiga kete mbili kwenye kulinda umakini na kuchukua kubwa. Au msipoteze uchawi, mnywesheni Lae'zel dawa ya kasi ya chupa. Ile haina umakini wa kuvunjwa. Inadumu zamu tatu kisha ndipo anachoka, na uchovu huo unaujua unakuja lini, pigano unalipanga liishe kabla.

MkonoMrefu:

Ongeza kwamba kwenye Honour Mode, ule ugumu wa juu kabisa, lile tendo la ziada la kasi linakupa pigo moja tu, halizidishi mapigo kama ugumu mwingine. Watu wanakuja na mbinu za Tactician, ugumu wa chini yake, wanashangaa mpiganaji kapungukiwa.

PangaLaMoto:

Kweli kabisa. Na hapo sevu ni moja, hakuna kurudi nyuma kulaumu goblini.

KeteMoja:

Wakuu, mada ni kitu cha tatu.

MtumishiWaKivuli:

Mwenye haki ya kulalamika hapa ni sisi tuliokwenda na Shadowheart, yule kuhani. Sacred Flame. Nasema tena, SACRED FLAME. Mwanga mtakatifu unaomkosa goblini aliyelala.

Naomba watu waelewe kwa nini, maana kila siku mnasema gemu imeharibika. Uchawi ule haupigi kete ya kushambulia. Adui ndiye anayepiga kete ya wepesi kuukwepa, na akifaulu damu haitoki hata tone. Goblini ni wepesi. Kwa hiyo umechukua silaha dhaifu, kete moja ya pande nane, ukawapelekea watu ambao kazi yao ni kukwepa. Tumieni Guiding Bolt: kete nne za pande sita, na atakayempiga adui huyo baada yake anapiga kwa faida. Sacred Flame wawekeeni majitu mazito yaliyovaa chuma.

Na ile njia ya hila, tawi la ukuhani analoanza nalo, iondoeni mapema. Dhahabu 100 kwa Withers, mpeni ya uhai au ya nuru, mtamwona ni mtu mwingine.

GoblinMstaafu:

Goblini aliyelala bado anakwepa kiroho.

JinoMoja:

Nyie mnaibiwa vitu. Sisi tunaibiwa damu. Astarion, mwenzetu mnyonya damu, anakuja usiku, unamruhusu anyonye kidogo kwa ubinadamu, asubuhi unaamka umepungukiwa 1 kwenye kila kete: kushambulia, kujinusuru, hata kushawishi watu. Yeye anaamka na furaha, kaongezewa 1. Yaani kahamishia alama zako kwake mchana kweupe, na anakutazama kwa tabasamu. Halafu wote mnampenda. Mkufu mmoja umeliwa mmefungua uzi, mtu ananyonywa shingo hakuna hata pole.

KeteMoja:

Astarion akishiba anasema asante na anapigana vizuri. Akishiba! Hoja yangu ndiyo hiyo. Yule mwingine kapewa kitu cha TATU, hakushiba, na ANATANGAZA kwamba hakushiba.

JinoMoja:

Umekasirishwa na kuliwa mkufu au na tangazo?

KeteMoja:

TANGAZO.

DaktariWaJicho:

Tukiongelea huduma mbovu, Volo yuko wapi kwenye orodha hii? Mwanamuziki uliyemtoa kifungoni kwa goblini anajitolea kukutoa kwa sindano yule funza uliyepandikizwa kichwani mwanzo wa gemu. Gemu inakuuliza uendelee. Inakuuliza tena. Inakuuliza TENA. Mwisho jicho linatoka, funza yuko palepale.

Lakini nawaambia ukweli, kubalini hadi mwisho. Anakuwekea jicho la bandia, na jicho lile linaona wasioonekana, siku zote, bila kutumia uchawi wowote. Ukifika kwenye mapigano ambayo maadui wanapotea machoni kila zamu, utamshukuru daktari feki. Sema liwekeni kwa mtu anayekaa mbele, linaona umbali mdogo.

BabuWaJibini:

Huyo angalau kachukua jicho kaleta jicho. Kuna mtu alichukua vitu vitatu.

KeteMoja:

Asante babu. Angalau mmoja kaelewa.

BabuWaJibini:

Nakucheka mkuu.

FunguoNne:

Mwenye uzi, mbona hukusema habari za kufa kwake? Huo ndio ujeuri wake mkubwa. Wengine wakifa wanalala chini kwa adabu, unasoma karatasi ya Revivify, uchawi wa kufufua, mambo yamekwisha. Huyu akifa kuna sumu ya uchawi inayozunguka maiti na kuwaumiza mnaosogea, na inatokea picha yake mwenyewe ikikupa maelekezo marefu ya namna ya kumfufua. Marehemu anatoa semina! Na ukipuuza, ukalala siku tatu bila kumrudisha, kile cha kifuani kinalipuka na gemu imeishia hapo. Kwenye Honour Mode sevu yako imekwenda kwa sababu ya maiti.

Njia fupi: achana na semina, nenda kambini kwa Withers, dhahabu 200, anasimama.

PangaLaMoto:

Na usisahau 2023 gemu ilipotoka alivyokuwa akimtongoza kila aliyepita. Ikabidi watengenezaji waseme wazi ni hitilafu, kiwango cha alama za kupendana kilichotakiwa kiliwekwa chini mno. Unamsalimia vizuri, usiku anakuita umtazame akicheza na uchawi, mara mmekuwa wachumba.

MkonoMrefu:

Suluhisho la huyo liko mwisho kabisa. Mkifika juu ya ule ubongo mkubwa, adui wa mwisho, anajitolea kulipuka nao. Kubalini. Pambano la mwisho lote linarukwa. Wachezaji wa Honour Mode wenye mikono inayotetemeka wamemalizia hapo. Kwa hiyo kula yake kote kulikuwa amana, mnakuja kuitoa siku ya mwisho.

KeteMoja:

Na mkufu unalipuka naye?

MkonoMrefu:

Mkufu ulishakuwa sehemu ya familia.

Pande20:

Samahani kwa kuingilia, zile kete za karma mnaziwasha au mnazima? Mpiganaji wangu ana kinga ya 21 na bado kila goblini anampata.

MtumishiWaKivuli:

ZIMA. Zinakuja zimewashwa. Kazi yake ni kuzuia mtu asishindwe mfululizo, ila hazichagui upande, na adui naye hashindwi mfululizo. Ukishavaa chuma kizito maadui wanakukosa mara nyingi, basi gemu inawaonea huruma inawapa kete nzuri. Unajenga kinga, karma inaibomoa. Ziko kwenye mipangilio ya uchezaji.

FunguoNne:

Sikubaliani. Kwa anayeanza ziache. Mazungumzoni zinasaidia usianguke mara tano mfululizo ukaacha gemu.

MtumishiWaKivuli:

Mazungumzoni una Guidance, kete ya pande nne juu ya kila jaribio, na alama za msukumo unatunza hadi nne za kurudia kete. Karma ya nini?

Pande20:

Na ukipata 1 kavu?

MtumishiWaKivuli:

1 ni 1. Hata uwe na nyongeza ya 15 na unatafuta 5, umeshindwa. Hapo rudia kwa msukumo, Guidance haikuokoi.

JinoMoja:

Hiyo sheria ya 1 ifunguliwe uzi wake. Mwimbaji wa levo 12 anashindwa kumdanganya mlinzi wa geti.

KeteMoja:

Wakuu, turudi kwenye mada.

Pande20:

Swali lingine basi, chakula cha kambini. Kulala ni alama 40 za chakula, kwenye Tactician 80, mnabebaje mzigo wote huo?

DaktariWaJicho:

Usibebe. Kila kitoweo unachookota kitume kambini palepale ulipo, kikiwa kwenye sanduku la kambi kinahesabiwa wakati wa kulala. Wengi wanatembea na samaki mgongoni hadi wanashindwa kuruka. Na ukiishiwa kabisa lala bila chakula, unapata nusu ya damu na nusu ya nafasi za uchawi. Ukiwa njiani kuelekea dukani inatosha.

GoblinMstaafu:

Ila jibini msiuze, kuna mgeni anakuja.

PangaLaMoto:

Tuma kambini pia zile chupa za maji. Mrushie adui chupa alowe, kisha mpige umeme au barafu, dhara linakuwa mara mbili. Chupa ya maji tu, hata dhahabu kumi haifiki, watu wanaiuza.

Pande20:

Kumbe! Nimeuza zote kwa yule mfupi wa msituni. Anazo bado?