Ualimu wa urubani au kiti cha kulia kwenye Caravan: kipi kinakufikisha kwenye ndege kubwa?

rubani_mchanga
Habari wakuu. Nimemaliza CPL, leseni ya rubani wa biashara, hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, nina masaa 200 na ushee, reitingi ya injini mbili nshafanya na ya kuruka kwa vyombo ipo kwenye leseni. Hela iliyobaki inatosha kitu kimoja tu, ama nisome reitingi ya ualimu nianze kufundisha kwenye Cessna 172, ama nifanye ya Caravan, ile Cessna ya injini moja ya tabaini, nikae kiti cha kulia kama msaidizi, yaani nipige hodi kwa makampuni ya chata (ndege za kukodi) mpaka mtu anifungulie. Lengo ni ndege kubwa za abiria, Embraer, 737, hata ATR ya propela naipokea kwa mikono miwili. Nyumbani wananiambia ualimu ni kupoteza muda, nitazunguka uwanja na wanafunzi mpaka nizeeke. Mliopita huko naomba ukweli, unasaidia au hausaidii?

Kiti_cha_Kushoto
Mdogo wangu unasaidia, na nasema hivyo kama mtu niliyefundisha kabla ya kuingia ATR. Ukiwa mwalimu kila saa unayoruka na mwanafunzi unaiandika kama rubani mkuu, na hayo ndo masaa magumu kuyapata ukiwa huna kazi. ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani wa ndege za abiria, inataka masaa 1,500, na ndani yake 250 uwe umeruka kama rubani mkuu, 100 ya usiku, 75 ya vyombo, 200 ya safari. Fasti ofisa, yaani rubani msaidizi, aliyeanza moja kwa moja kwenye ndege kubwa anapata jumla haraka sana ila hayo 250 yanamsumbua baadaye, inabidi ategemee 500 ya kuruka chini ya usimamizi wa kapteni.

Halafu kuna kitu logibuku, kitabu cha masaa yako, haionyeshi. Kumweleza mtu kwa nini ndege inastoli (mabawa yanaacha kuibeba), kumwacha akosee hadi pale panapofaa ndo uingilie, na hapo Wilson mko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana wa joto 172 yenye watu wawili na mafuta inapanda kwa kujivuta, lazima ufikirie kabla yake. Nilipoenda kwenye usaili maswali ya ufundi hayakunitisha maana nilikuwa nayajibu darasani kila siku.

Bushi208
Nakubaliana na mkuu hapo juu ila tusimfiche kijana. Masaa hayalingani. Elfu moja kwenye injini moja ya pistoni, mzunguko huohuo, hali ya hewa nzuri maana ikiwa mbaya wanafunzi hawaruki, kampuni inaiangalia tofauti na elfu moja ya tabaini ukiwa unaingia Mara, Lamu, Lodwar, kiwanja cha vumbi, mizigo, upepo wa pembeni, abiria wanasubiri na mawingu yanashuka. Mimi ningechagua Caravan bila kufikiria mara mbili. Kikwazo ni bima, kampuni nyingi haziwezi kukukabidhi ndege na masaa 200, ndo maana watu wanakaa mtaani na reitingi mfukoni mpaka inaisha muda.

dada_wa_anga (Arusha)
Bushi umesahau jambo moja na linawaumiza wengi. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Ukikaa kulia kwa sababu tu mteja kataka marubani wawili, usidhani kila saa itahesabiwa. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinasema rubani msaidizi kwenye ndege ya rubani mmoja, pale mamlaka inapolazimisha awepo, anahesabiwa mpaka nusu tu kuelekea leseni ya juu, labda ndege iwe na vifaa na utaratibu kamili wa marubani wawili na mamlaka ikubali. Sasa kama hata mamlaka hailazimishi unasimama wapi? Nenda KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, uulize kwanza, huku kwetu ni TCAA, tena upate jibu kwa maandishi kabla hujalipa senti. Mwalimu hana mjadala huo, saa yake ni saa nzima.

Na msimu pia kaka. Mvua za Aprili na Mei watalii wanapungua, ndege za Serengeti zinapungua, na wa kwanza kukosa zamu ni yule wa kulia.

Mkenya_Texas
Huku Marekani swali lako halina hata mjadala, wengi tunafundisha. Baada ya ajali ya Colgan Air 3407 kule karibu na Buffalo Februari 2009, watu 50 walifariki, sheria ikapita 2010 na kuanzia 2013 hata fasti ofisa lazima awe na ATP, ndo ATPL ya huku, yaani masaa 1,500, au 1,000 ukiwa na digrii ya urubani ya chuo kinachotambulika. Marubani wote wawili wa ile ndege walikuwa tayari wamepita 1,500, ndo maana wapo wanaobisha mpaka leo, lakini sheria ndo hiyo na mahali rahisi pa kuyatafuta ni kwenye ualimu. Ulaya ni tofauti kabisa, vijana wanaingia kwenye 737 au A320 na 200 hivi. Kwa hiyo usichukue ushauri wa YouTube ukauleta Wilson mzimamzima.

rubani_mchanga
Asanteni sana, hilo la nusu sikuwahi kulisikia popote. Kiti_cha_Kushoto, nikifundisha nikae muda gani? Na shule nitaichaguaje?

Kiti_cha_Kushoto
Fundisha mpaka ufike pale bima za chata zinapokukubali, ukifika hapo anza kupeleka barua, usingoje 1,500 ukiwa bado kwenye 172. Njia ya wengi niliowaona wakifika ni ualimu, kisha Caravan kama kapteni, kisha ndege ya marubani wawili. Shule ichague kwa idadi ya wanafunzi wanaoruka kweli na ndege zilizo nzima, nenda asubuhi ukae pale uhesabu zinazoondoka. Omba pia upewe wanafunzi wa vyombo na wa injini mbili, sio wanaoanza tu. Na wewe mwenyewe usiache kuruka kwa vyombo, maana mwalimu anakaa anaangalia tu, mkono unasahau, na kwenye simuleta ya usaili wanakuweka kwenye mawingu moja kwa moja.