MALALAMIKO: Gereji hapa Dallas zinatuuzia spea badala ya kupima uvujaji wa mvuke wa petroli

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nafungua uzi huu kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa wasemaji wengi wa Kiswahili tunaoishi Dallas, Fort Worth na miji ya jirani, hasa wale wanaoendesha magari yaliyotumika na kuyategemea kufika kazini katika maghala na hospitali, ambako hakuna basi linalofika saa kumi alfajiri. Gereji moja inayoendeshwa na watu wa lugha yetu ilinitoza zaidi ya dola 900 kwa spea ambazo gari langu halikuzihitaji, na kila mara ilinirudishia gari taa ikiwa imezimwa kwa mashine, bila ubovu wenyewe kuguswa. Sitaitaja jina, kwa sababu nimekwisha kusikia habari ileile kutoka kwa watu waliokwenda kwingine, na ninachokilalamikia ni mtindo mzima wa kazi.

Kisa ni hiki. Taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa, iliwaka na kubaki imewaka, huku gari likitembea vizuri bila kumisi wala kuongeza ulaji wa mafuta. Fundi alichomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya usukani akapata msimbo P0455, ambao maana yake ni kwamba kompyuta ya gari imegundua uvujaji mkubwa katika mfumo unaodhibiti mvuke wa petroli. Akasema ni kifuniko cha tanki, akauza kipya, akafuta msimbo. Taa iliporudi akasema basi ni vali ya mvuke iliyo karibu na injini, akabadilisha, akafuta. Iliporudi tena akasema ni mtungi wa mkaa ulio nyuma karibu na tanki, na huo ndio uliokula sehemu kubwa ya fedha. Katika muda wote huo hakuna aliyepima chochote. Hakuna aliyeingia chini ya gari kutafuta mahali mvuke unapotokea. Kila nilipouliza wamejuaje kwamba ni spea hiyo, jibu lilikuwa moja: «Kompyuta imesema.»

Kompyuta haikusema hivyo, na hapa ndipo kiini cha malalamiko yangu kilipo. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limesimama. Mvuke huo hautakiwi kutoka nje, kwa hiyo hupelekwa kwenye mtungi uliojaa mkaa maalumu unaounasa, kisha injini inapofanya kazi vali moja hufunguka na mvuke ukavutwa ndani na kuchomwa pamoja na mafuta mengine. Vali ya pili, ile ya hewa, huuruhusu mtungi kupumua hewa safi, na hufungwa wakati kompyuta inapotaka kujua kama mfumo umeziba sawasawa. Kati ya tanki, bomba la kujazia mafuta, kifuniko, mipira, mtungi, vali hizo mbili na sensa ya mgandamizo, tundu likitokea popote kompyuta hutoa msimbo uleule. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 ni mdogo, kiasi cha tundu la milimita 1, na P0456 ni mdogo zaidi, kiasi cha nusu milimita. Msimbo unataja ukubwa wa uvujaji. Hautaji mahali wala spea. Anayemwambia mteja kwamba mashine imetaja mtungi anamwambia jambo ambalo si kweli, na kama ni fundi wa miaka mingi, analijua.

Kinachoniudhi kuliko bei ni jinsi kufuta msimbo kunavyotumika kama uthibitisho wa kazi. Kompyuta haipimi mfumo huu kila unapowasha gari. Katika magari mengi tanki likiwa limejaa sana au limekaribia kuisha kipimo hakifanyiki, injini lazima iwe imepoa vya kutosha, na joto la nje likizidi kiwango fulani kipimo huahirishwa, jambo ambalo kwa kiangazi cha Texas si dogo. Magari mengi ya Toyota yaliyouzwa Marekani tangu katikati ya miaka ya 2000 yana pampu ndogo ya umeme kwenye mtungi, ambayo huamka baada ya muda wa saa 5 hivi tangu gari kuzimwa, hupima kwanza mvuto wake kupitia kitundu cha nusu milimita ili kupata kipimo cha kulinganishia, kisha huupima mfumo mzima. Mwenye gari anakuwa amelala. Zaidi ya hayo, kwa kawaida kompyuta husubiri kipimo kishindwe mara mbili mfululizo ndipo iwashe taa. Kwa hiyo gari lililofutwa msimbo leo linaweza kutembea wiki kadhaa taa ikiwa imezimwa ilhali tundu liko palepale. Mteja analipa, anashukuru, anaondoka. Taa ikirudi anaambiwa ni tatizo jingine jipya. Mbinu hii haishindwi kumlaghai mtu, kwa kuwa mfumo wenyewe unampa fundi muda wa kupokea fedha kabla ukweli haujaonekana.

Sina ugomvi na sheria yenyewe inayotaka mvuke huu udhibitiwe. Mvuke wa petroli ukichanganyika na moshi wa magari chini ya jua kali hutengeneza ozoni ya chini, ile inayowatesa watoto wenye pumu, na eneo letu la Dallas na Fort Worth bado linavuka kiwango kilichowekwa na serikali ya shirikisho. Udhibiti wa mvuke huu ulianza California mwaka 1970 na nchi nzima mwaka 1971, na tangu magari ya mwaka 1996 kila gari dogo linalouzwa hapa limetakiwa liweze kujipima lenyewe. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo mtu huendesha gari miaka mingi taa hiyo ikiwaka na hakuna anayemuuliza, ndiyo maana tunapofika hapa tunashtuka. Tangu Januari 2025 Texas imeondoa ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi, na wapo walioeneza habari kwamba ukaguzi wote umekwisha. Haukwisha. Ukaguzi wa uchafuzi wa hewa umebaki katika kaunti zenye watu wengi, zikiwamo Dallas, Tarrant, Collin na Denton, na gari la petroli linalohusika likishindwa ukaguzi huo usajili wake hauhuishwi.

Ukaguzi huo hufanywa kwa kuchomeka waya kwenye soketi ileile. Taa ikiwa imewaka, gari limeanguka. Lakini mashine huangalia pia kama kompyuta imekamilisha majaribio yake ya ndani, na kufuta msimbo hufuta matokeo yote ya majaribio hayo, si lile la mvuke peke yake. Kwa magari ya 2001 na kuendelea jaribio moja tu ndilo linaloruhusiwa kuwa halijakamilika. Kwa hiyo gereji inayokwambia «njoo asubuhi tufute, halafu uende moja kwa moja kwenye ukaguzi» inakuuzia safari ya bure, kwa maana gari litakataliwa, na kuchomoa betri kunaleta matokeo yaleyale. Nimeona hata dada mmoja mwenye watoto watatu akipoteza siku ya mshahara kwa ushauri huo.

Hatimaye gari langu lilipimwa na fundi Mmeksiko asiyejua neno moja la Kiswahili. Aliifunga vali ya hewa kwa kutumia mashine yake, akaunganisha mashine ya moshi kwenye mfumo, akasukuma moshi kwa mgandamizo mdogo sana, kwa sababu mfumo huu ukijazwa upepo wa kujazia matairi unaweza kupasuka, na penye mvuke wa petroli si mahali pa kubahatisha. Baada ya muda mfupi moshi mweupe ulianza kutoka nyuma ya gurudumu la nyuma. Akafungua plastiki ya ndani ya madigadi, akanionyesha bomba la kujazia mafuta likiwa limeliwa na kutu hadi likatoboka. Gari hilo lilikaa miaka mingi Michigan kabla ya kuletwa Texas, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula chuma cha chini namna hiyo. Kifuniko kipya, vali mpya na mtungi mpya visingeweza kuziba tundu la bomba hata vingebadilishwa kila mwezi. Bomba na ufundi wake, pamoja na kipimo cha moshi, vilinigharimu kidogo kuliko ule mtungi niliouziwa.

Mashine ya moshi si kifaa cha ajabu, na gereji inayotoza watu mamia ya dola kwa kazi ya mfumo huu haina haki ya kusema haiwezi kuinunua. Hata kabla ya kufika kwenye moshi kuna vipimo visivyogharimu kitu. Vali ya mvuke iliyo karibu na injini hupimwa kwa kuchomoa mpira unaotoka kwenye mtungi wakati injini imetoka kuwashwa ikiwa ya baridi, kisha kuweka kidole kwenye mdomo wa vali: kama inavuta wakati kompyuta haijaiamuru kufunguka, imekwama wazi. Dalili yake nyingine ni gari kuwaka kwa shida mara tu baada ya kujaza mafuta. Vali ya hewa au mpira wake ukiziba, bomba la kituo cha mafuta hujikata kila baada ya kumwaga kidogo, na mwenye gari akiulizwa swali hilo moja tu atalijibu bila mashine yoyote. Kuziba huko hutokea kwa vumbi, na hata kwa wadudu: mwaka 2011 Mazda iliyaita kwa marekebisho magari ya Mazda6 kwa sababu buibui walikuwa wakitanda utando ndani ya mpira huo, na mwaka 2014 ikalazimika kuita mengine kwa sababu hiyohiyo. Fundi wangu wa kwanza hakuniuliza gari linajazaje mafuta. Hakuniuliza linawakaje. Hakuniuliza hata lilitoka jimbo gani.

Mtindo huohuo unatumika kwa msimbo P0420, unaohusu katalitiki, yaani kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi, na hapo hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu watu wanauziwa katalitiki nzima kabla mtu hajaangalia kama ekzosi inavuja au kama sensa ya oksijeni inasoma sawasawa. Katalitiki na kompyuta ya injini vina dhamana ya sheria ya shirikisho kwa miaka 8 au maili 80,000, kinachotangulia, na spea nyingine za kudhibiti moshi zina miaka 2 au maili 24,000. Mwenye gari jipya kiasi anapaswa kuambiwa hivyo na mtu wa kwanza anayeusoma msimbo, kwa maana dhamana hiyo hulifuata gari hata likiuzwa. Nimeongea na watu waliolipa kutoka mfukoni kwa kitu walichokuwa na haki ya kupewa bure.

Narudi kwenye suala la lugha, kwa sababu ndilo linaloniuma. Tunakwenda kwa wenzetu kwa kuwa tunaelewana. Mzee aliyekuja kutoka kambi ya Nyarugusu au mama aliyetoka Goma hawezi kubishana kwa Kiingereza kuhusu ankara ya ukurasa mzima, hivyo anamtafuta fundi atakayemwambia «shikamoo mzee, usijali, tutalimaliza». Imani hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa biashara. Mtu wa namna hiyo hataomba kuona spea ya zamani, hatauliza kipimo kilichofanyika, na taa ikirudi ataona aibu kulalamika kwa mtu anayekutana naye kanisani au msikitini. Nawaambia wenye gereji hizo, ambao najua baadhi yao wanasoma jukwaa hili: heshima tunayowapa si ruhusa ya kubahatisha kwa fedha zetu.

Niliwaandikia nikidai kurejeshewa gharama ya vali na mtungi, nikaambatanisha picha ya bomba lililotoboka na maelezo ya fundi aliyelipima. Wakanijibu kwamba spea za umeme hazirudishwi na kwamba «zilikuwa zimechoka vilevile». Spea zangu za zamani walikuwa wameshazitupa, kwa hiyo hakuna namna ya kuthibitisha uchovu huo. Sasa nayaandaa malalamiko rasmi kwenda kitengo cha kulinda walaji katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas, chini ya sheria ya jimbo inayokataza udanganyifu katika biashara, nayo yatakwenda pamoja na ankara zote.

Ninachowaomba ni hiki. Mwenye ankara ya kazi kama hii aandike hapa msimbo uliosomwa, spea iliyobadilishwa, kama kipimo cha moshi kilifanyika au hakikufanyika, na kama taa ilirudi. Futeni majina na namba za simu kabla ya kuweka picha. Anayejua fundi yeyote, wa lugha yoyote, mwenye mashine ya moshi upande wa Garland, Irving, Arlington au Fort Worth, ataje mtaa. Na kwa mafundi wa jukwaa hili wanaofanya kazi kwa uaminifu, nitafurahi mkieleza ni kiasi gani mnatoza kwa kipimo peke yake, kabla ya spea yoyote, ili watu wajue cha kuulizia wanapopiga simu.