Mtu ameacha nyama, kwa nini bado anapenda soya yenye ladha ya nyama?

Sinia_la_Pilau anauliza:

Wadau, salaam. Nina swali la pande mbili, na nitashukuru wanaolijua jambo hili wakilijibu bila kulikata mkia.

Kwanza: mtu asiyekula nyama, awe Msabato, Mhindu au mtu aliyeamua tu kwa kumhurumia mnyama, inakuwaje atafute soya iliyotengenezwa vipande kama nyama, ikatiwa viungo vya nyama, ikachomwa kwenye vijiti kama mishkaki? Si angetosheka na maharage, choroko na kunde? Kuna wanaosema ni dalili kwamba moyo wake bado uko buchani. Sitaki kumhukumu mtu, nataka kuelewa.

Pili: hiyo soya kavu ya pakiti inapikwaje mpaka iwe chakula? Ile inayoandaliwa kwenye sherehe nyingi ni sifongo tupu. Ukiitafuna inatoa maji yenye harufu ya maharage mabichi, na mchuzi uko upande wake, soya upande wake.

Bizari_Nzima anajibu:

Ndugu Sinia, nianze na hilo la moyo kuwa buchani, kwa sababu linawaumiza watu bure.

Watu huacha nyama kwa mambo mengi: dini, huruma kwa mnyama, ushauri wa daktari, bei. Pekua sababu hizo zote, hutakuta inayosema "nyama ilikuwa haina ladha". Aliyeacha kwa huruma amekataa kuchinja. Aliyeacha kwa dini ametii agizo. Ulimi wake haukuwa na kosa lolote katika kesi hiyo, kwa hiyo hauna cha kutubu. Akipata ladha ile bila mnyama kufa, hajavunja ahadi yake hata kidogo.

Halafu tujiulize hiyo tunayoiita ladha ya nyama ni nini hasa. Chukua kipande cha nyama kisicho na mafuta, kichemshe kwa maji matupu bila chumvi wala kitunguu, ukile. Hakuna atakayekipigania. Tunachokipenda kwenye mishkaki ni chumvi, mafuta, moshi wa mkaa, thomu, tangawizi, ndimu, ule wekundu wa ngozi ya juu iliyoshika moto, na jinsi jino linavyofanya kazi. Kati ya hivyo, mnyama ameleta mafuta, uzi wa kutafuna na ule utamu wa mchuzi unaobaki ulimini hata ukishameza.

Na huo utamu wa mchuzi si mali ya nyama peke yake. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda aliufuata akaukuta kwenye supu ya mwani, akauita umami. Kiini chake ni glutameti, ambayo imejaa kwenye nyanya iliyopikwa mpaka ikakauka, kwenye sosi ya soya na kwenye uyoga uliokaushwa. Ule wekundu wa juu nao hutokea pale protini na sukari vinapokutana kwenye joto kali, na Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mkate unaupata, kahawa inaupata, soya nayo inaupata ikipikwa na anayejua.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni nafasi kwenye sinia. Pilau ina mahali pake pa kipande. Sambusa ina tumbo linalosubiri kujazwa. Mtu akiacha nyama, mapishi yote aliyokulia yanabaki na shimo katikati, na siku ya sherehe yeye ndiye anayepewa wali na kachumbari wakati wenzake wanakula. Kipande cha soya kinamrudisha kwenye sinia moja na ndugu zake. Maharage ni chakula kizuri sana, lakini huwezi kuyatunga kwenye kijiti.

Jiko_la_Mkaa anajibu:

Mimi nachukua swali la pili. Ukijua soya ya pakiti imetengenezwaje, makosa yote yanajieleza yenyewe.

Ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukasukumwa kwa joto na mgandamizo kupitia tundu dogo la mashine. Unapotoka tu, mvuke uliomo ndani unafura ghafla na kuacha vishimo na nyuzi. Ikiwa kavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini, na mafuta hayana hata la kusemwa. Kwa hiyo una sifongo kavu, bila mafuta, bila chumvi, yenye harufu yake ya asili. Kosa la sherehe nyingi ni kuitupa moja kwa moja kwenye mchuzi. Inakunywa maji ya mchuzi, inashiba, na baada ya hapo haipokei kitu.

Kwa gramu 100 za soya kavu fanya hivi. Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chakula cha siki, mimina soya ichemke dakika 5, kisha zima moto na ufunike dakika 15. Maji hayo mwaga yote, usiyaonee huruma, maana ndiyo yamebeba harufu ya maharage mabichi. Suuza kwa maji baridi, kamua, suuza tena, kamua tena. Kamua kwa viganja viwili, kipande baada ya kipande, mpaka kisidondoshe tone. Utabaki na kati ya gramu 250 na 300.

Sasa sifongo iko tupu na ina kiu. Kitakachoingia kwanza ndicho kitakachokaa. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sosi ya soya, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, tangawizi na thomu vilivyotwangwa kijiko kimoja kimoja cha chai, maji ya nusu ndimu, bizari nyembamba na pilipili manga nusu kijiko cha chai kila kimoja, na vijiko viwili vya mafuta. Mafuta usiyaache. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta, na soya haina mafuta yake, kwa hiyo usipoyatia viungo vinabaki nje kama vumbi. Iache saa moja, uigeuze mara mbili tatu.

Kaanga kwa mafuta ya moto, kidogo kidogo, vipande visigusane. Sikiliza kikaango: kikilia kwa ukali, inakaangika. Mlio ukififia na maji yakianza kujikusanya chini, umejaza mno au hukukamua vizuri, na sasa unachemsha. Wekundu hauji mpaka maji yaondoke. Dakika 6 hadi 8 zinatosha, kingo ziwe na rangi ya kahawia na zikwaruze kidogo ukizigusa kwa mwiko.

Na hilo la mchuzi kukaa mbali na soya lina sababu yake. Nyama ikichemka muda mrefu, mishipa na ngozi zake zinayeyuka, na huo ute ndio unaoupa mchuzi uzito wa kushika kidole. Soya haina ute huo. Uichemshe saa tatu, mchuzi utabaki mwepesi vilevile. Uzito ulete wewe: kaanga vitunguu na nyanya mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu, kisha tia tui zito, au vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Rojo ikishakuwa tayari ndipo soya iliyokaangwa inaingia, dakika 10 za mwisho tu.

Kwa mishkaki, usiikaange kwanza. Loweka vijiti majini nusu saa, tunga, choma juu ya makaa yasiyo na ulimi wa moto, dakika 8 hivi. Harufu ya mishkaki hutoka kwenye mafuta yanayodondokea makaa na kurudi kama moshi, na soya haina ya kudondosha. Kwa hiyo kila dakika mbili ipake mafuta yaliyochanganywa na ukwaju, uache matone machache yaanguke. Usipoipaka, ndani inakauka kama boksi.

Mvuje anajibu:

Mmeeleza vizuri, ila naomba tusiwaweke wote kapu moja. Swali limetaja Wahindu, na hapo pana tofauti kubwa.

Anayependa soya yenye ladha ya nyama mara nyingi ni yule aliyewahi kula nyama. Mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ambayo nyama haijaingia kwa vizazi, kama familia nyingi za Kigujarati za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, hana kumbukumbu ya kurudia. Kwake harufu ya damu ya duka la nyama ni harufu mbaya, na kitu kinachofanana nayo mno kinamtia kichefuchefu. Vyakula vya kisasa vinavyotoa rangi nyekundu kama damu vikikatwa, huyu hatavigusa, wala si kwa kujinyima. Utamu wake uko kwenye dengu, paneer (jibini la Kihindi) na mbogamboga, na ana vyakula tele visivyoiga chochote.

Kwa hiyo ukimwalika mgeni asiyekula nyama, usikimbilie soya. Muulize kwanza.

Ukimwandalia Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kijaini ya India, jua pia kwamba wengi wao hawali vinavyochimbwa chini: vitunguu, thomu, viazi, karoti. Mapishi ya ndugu Jiko hapo juu yote yanamtoa. Badala yake pasha mafuta, tia mvuje (utomvu mkavu wa mmea, unaotumika kama kiungo) kiasi cha punje mbili za mchele, hesabu hadi tano, kisha tia nyanya mara moja. Ukiuchelewesha unaungua na kuwa mchungu. Mvuje ukiwa mbichi unanuka vibaya, lakini ukishapita kwenye mafuta unatoa harufu iliyo karibu sana na thomu na kitunguu.

Ngano_na_Soya anajibu:

Niongeze historia kidogo, kwa sababu watu hudhani hizi ni mbwembwe za vijana wa mjini. Nchini China, watawa wa Kibudha na majirani zao walikuwa na vyakula vya kuiga nyama tangu enzi ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279, kwa kutumia tofu na ngano. Upande wa Wasabato, Daktari John Harvey Kellogg wa hospitali ya Battle Creek, Michigan, alitengeneza nyama za karanga na ngano mwishoni mwa karne ya 19. Kanisa hilo lilifika Upare mwaka 1903 na Gendia, Kenya, mwaka 1906, likiwa na mafundisho yale yale ya afya. Si kila Msabato ameacha nyama, lakini ushauri wa kuipunguza ni wa zamani kuliko pakiti yoyote iliyoko dukani.

Na hiyo nyama ya ngano unaweza kuitengeneza kwa unga wa kawaida. Chukua kilo moja ya unga wa mkate au chapati. Wa keki haufai, una protini kidogo na donge litakuvunjikia mkononi. Kanda na mililita 600 za maji kwa dakika 10, lizamishe donge kwenye maji baridi saa moja. Saa hiyo usiiruke, ndipo nyuzi zinaposhikana. Kisha likamue humo humo majini, maji yakiwa meupe kama maziwa mwaga uweke mengine, mara tano au sita. Kitakachobaki ni gramu 250 hadi 300 za donge la kijivu linalovutika kama mpira. Lipumzishe nusu saa, katakata, pika ndani ya mchuzi wenye chumvi na sosi ya soya kwa dakika 45 kwa moto mdogo kabisa. Maji yakitokota kwa nguvu donge linafura na kuwa kama andazi lililolowa, na hapo hakuna dawa.

Maji ya kwanza ya kuoshea yaache yatulie: wanga ulioko chini unafaa kwa uji.

Asiyepatana na gluteni, yaani protini ya ngano, asiguse kabisa, maana hii ni gluteni yenyewe. Na huo mvuje alioutaja ndugu hapo juu, soma kibandiko chake, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano.

Sinia_la_Pilau:

Nashukuru sana, nyote. Hilo la ute wa mchuzi limenifungua macho. Maswali mawili tu: je, soya inatosha kuchukua nafasi ya nyama mwilini? Na kwa sambusa, natumia ile ya chengachenga au vipande?

Bizari_Nzima:

Kwa protini inatosha, soya ni ya kutegemewa. Ngano peke yake ina upungufu wa laisini, moja ya vijenzi vya protini ambavyo mwili unavihitaji, kwa hiyo iliwe na maharage au dengu siku hiyo hiyo. Kisichopatikana ni vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina. Anayekunywa maziwa au kula mayai anapata kiasi. Aliyeacha vyote atumie vidonge au vyakula vilivyoongezewa, bila mjadala. Madini ya chuma ya soya hufyonzwa kwa shida, kwa hiyo ndimu iwepo mezani, na chai isubiri saa moja baada ya chakula. Angalia pia vibandiko: baadhi ya soseji za mimea zina ute wa yai, na baadhi ya viungo vya mchuzi vya ladha ya nyama vina mafuta ya ng'ombe.

Jiko_la_Mkaa:

Chengachenga. Gramu 100 kavu zinatoa sambusa 25 hadi 30. Zichemshe dakika 3 tu, kamua kwa kitambaa maana mkononi zitakuponyoka, kaanga na viungo mpaka zianze kurukaruka kikaangoni kama mchanga. Zima, tia vitunguu vilivyokatwa vidogo, giligilani na pilipili vikiwa vibichi, changanya na uache ipoe kabisa. Ukifunga ikiwa na moto, mvuke unalainisha manda kwa ndani, na sambusa inapasuka kwenye pembe mara tu inapoingia kwenye mafuta.