Saa 27 za kuruka na bado kutua kunanishinda. Niendelee?

Mama Saruji:
Hamjambo wenzangu. Nina saa 27 kwenye Cessna 152, kindege cha kujifunzia, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, na sijaachiwa ndege niruke peke yangu hata mara moja. Niliyeanza naye aliruka peke yake akiwa na saa 15. Kupaa naweza, kona naweza, waongoza ndege wa mnarani hata wakisema upesi nawapata. Kutua ndiko kunakonimaliza.

Jumamosi nilitua mara sita. Ya nne niliinua pua mapema, ndege ikaelea, kasi ikaisha, tukashuka kwa kishindo ikadunda. Nikasukuma usukani mbele, ikadunda vibaya zaidi. Mwalimu akasema, "Naichukua," akaongeza nguvu ya injini tukapaa upya. Hakunigombeza. Alinyamaza mpaka tukaegesha, na ule ukimya wake nimekaa nao wiki nzima.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Athi River. Kila saa ya kuruka ni mifuko ya saruji ambayo sikuiingiza stoo, kwa hiyo naruka nikipata, mara moja kwa wiki mbili tatu. Juzi binti yangu kauliza, "Mama, utarusha ndege lini?" Nikakosa la kumjibu. Nina miaka 38, mfupi, na nimechoka. Niambieni ukweli: kuna watu ambao hili haliwawezekani?

Rubani wa Caravan:
Pole sana dada. Mimi niliachiwa ndege nikiwa na saa 31, na leo napeleka wageni mbuga ya Maasai Mara. Kazini hakuna aliyewahi kuniuliza niliruka peke yangu saa ya ngapi.

Hilo neno "mfupi" umelipitia haraka, mimi limenisimamisha. Ukiinua pua, bado unaiona njia ya kutua ndege mbele yako, au inamezwa na dashibodi? Kama inamezwa, basi unakisia urefu kutoka chini, na hakuna anayekisia sawa mara sita. Kwenye 152 nyingi kiti hakipandi. Tafuta mto mgumu usiobonyea, na mwingine mgongoni ili miguu ibonyeze pedali mpaka mwisho. Uketi vilevile kila siku, na ukikaribia ardhi macho yaende mwisho wa njia, si mbele ya pua.

Na ikidunda usisukume mbele kamwe. Shikilia pua ilipo, ongeza nguvu kidogo ikae taratibu, au paa upya. Kupaa upya ni uamuzi wa rubani.

Mwanapwani:
Niongeze hili. Nilianza kuruka pwani, nilipofika Wilson nikadhani nimesahau kila kitu. Uwanja uko futi zaidi ya 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kipimo cha kasi kinakuonyesha noti 60 (maili za baharini kwa saa), kumbe ndege inakwenda karibu 66, na jua likiwaka ni zaidi. Ardhi inakujia mbio, mkono unavuta kabla ya wakati. Fuata kipimo, usifuate hofu ya macho. Omba zamu ya saa moja asubuhi, kabla joto halijaanza kuirusharusha ndege kule upande wa mbuga.

Bado Mwanafunzi:
Mama, wiki tatu ni nyingi. Kila ukirudi unalipia kukumbuka ulichosahau. Mimi nilisimama miezi miwili, nikaweka pesa, nikaruka siku tano mfululizo. Mkono ulishika siku ya tatu.

Mama Saruji:
Nimerudi. Nilisoma majibu yenu nikiwa kaunta, nikaenda kuketi kwenye ndege imezimwa, mwalimu akaubonyeza mkia chini pua ikainuka. Kweli, sikuona njia hata kidogo! Saa zote hizo nilikuwa natua kwa kubahatisha na sikujua.

Nilikata godoro la zamani, nikalishonea kitenge, binti yangu akachagua rangi. Nikangoja wiki tano hadi pesa zikatosha asubuhi nne, Jumatatu hadi Alhamisi.

Jumatatu ilikuwa mbaya kama zamani, nililia garini. Jumanne mbili zilikaa vizuri. Jana Alhamisi nilitua mara saba. Moja ilidunda, nikashikilia pua, nikatia nguvu, nikapaa upya kabla mwalimu hajasema kitu. Tulipofika tena mita chache kutoka ardhini nilimtupia jicho: mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani. Magurudumu yakagusa, honi ya kasi ndogo ikilia palepale, kama inavyotakiwa.

Bado sijaachiwa. Jumatatu nina zamu ya saa moja, na mto uko kwenye gari.