Jicho langu la kushoto linanisumbua kwenye skiti, naombeni ushauri

Wakuu habari za humu, niko Moshi na ni mgeni kwenye skiti, ule mchezo wa kulenga kwa bunduki sahani za udongo zinazorushwa hewani kutoka vibanda viwili, cha juu na cha chini. Raundi ni sahani 25 kwenye vituo 8. Sasa kituo cha kwanza na cha saba naenda fresh tu, ila nikifika cha nne pale katikati ambapo sahani inakata mbele yako kutoka pembeni, marisau (zile punje ndogo za risasi) yanapita nyuma yake kila saa na hata nikilenga mbele kama mita moja na kidogo bado wapi.

Mzee mmoja wa klabu akaniambia nitengeneze kitundu kwa viganja nitazame kilele cha Mawenzi kule mlimani halafu nifumbe jicho moja moja, kumbe jicho langu lenye nguvu, lile linaloongoza kulenga, ni la kushoto na bunduki naweka bega la kulia! Yeye anasema nihamie bega la kushoto, mwingine anasema nibandike kipande cha selotepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani ya kinga. Kufumba jicho nimejaribu, naona sahani nimechelewa.

Mimi umri umeshaenda, kuhama bega naona kama kujifunza kuandika upya, na risasi zenyewe si za bei ya kuchezea. Aliyepitia hii hali alifanyaje? Na selotepu inakaa wapi hasa, kioo kizima au pale mboni tu?