ETI "KWA NINI UNATAKA KUJIUNGA?" Mods msiufute huu uzi, nina hasira

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie.

Ile apu mnaijua, Mastodon. Ile ya "uhuru". Tangu Musk anunue Twitter mwaka 2022 kuna watu humu wanatupigia kelele tuhamie huko: haina bosi, haina matangazo, data zako ni zako. Haya, nimepakua. Hata jina sijaandika, naambiwa CHAGUA SEVA, yaani kompyuta ya kikundi fulani itakayotunza akaunti yangu. Orodha inashuka mpaka kidole kinachoka: seva ya wapenda paka, ya wanahisabati, ya Wajerumani wa treni. Mimi fundi makochi wa Mbagala niingie wapi hapo? Nikachagua yenye picha nzuri.

Kikatokea kisanduku: "Kwa nini unataka kujiunga nasi?"

KWA NINI?! Si nyie mlioniita? Nikajibu "kuchati". Naambiwa nisubiri, msimamizi atapitia ombi langu. Msimamizi! Na hamna bosi! Leo najaribu kuingia, naambiwa barua pepe au nenosiri si sahihi. Kumbe nimekataliwa na kufutwa kimyakimya. Hata waliokataa posa yangu ya kwanza walirudisha kishika uchumba na wakaninywesha soda.

Nikaenda seva nyingine isiyo na maswali. Namwona jamaa yangu, nabonyeza Fuata, inaniuliza anwani ya seva yangu. Nimeshaingia, anwani ya nini tena? Lakini hilo nasamehe. Kile kisanduku sisamehi. Kwa nini unataka kujiunga! Mtu mzima na watoto wangu!

kitasa_cha_kati: Siti ya mbele, nimekuja na karanga.

Mtaalamu Uchwara: Mkuu, tatizo ni wewe. Zile seva zinaongea itifaki moja, yaani lugha ya kuwasiliana, inaitwa ActivityPub, W3C (wale wanaoweka viwango vya wavuti) waliipitisha 2018. Ukiwa seva yoyote unamfuata mtu wa seva nyingine. Swali la kujiunga linazuia maroboti, na wanaoendesha wengi wanajitolea tu, umeme wa seva wanalipa wao. Ungeandika sentensi mbili za maana ungepita.

kitasa_cha_kati: Kaulizwa njia ya chooni, kaleta ramani ya mkoa.

Mleta uzi: @Mtaalamu roboti anayekula dagaa? Sentensi mbili za maana kuhusu NINI? Kuchati ni kuchati!

Binti Pangani: Hahaaa "kuchati". Hata mimi ningekufuta.

Mleta uzi: Cheka tu, zamu yako yaja.

dereva wa noah: Afadhali wewe uliulizwa. Mimi niliingia ile nyingine, Nostr, ya funguo. Wanakupa ufunguo wa siri, mstari wa herufi mrefuuu, wanasema utunze. Nikautunza humohumo kwenye simu. Simu ikaibiwa Kariakoo. Hakuna "umesahau nenosiri", hakuna wa kumpigia. Akaunti ipo mpaka leo, naiona, siwezi kuigusa.

Mtaalamu Uchwara: Ulitakiwa uandike kwenye karatasi.

dereva wa noah: Na wewe ulitakiwa uoe.

Binti Pangani: 😂😂😂

mama_wawili: Mnalia na seva wenzenu tuko gizani. Tokeni ya umeme, tarakimu 20, naingiza inakataa. Naingiza tena, inakataa. Simu ina asilimia 9.

kitasa_cha_kati: Angalia namba ya mita uliyolipia, mara nyingi watu wanamnunulia jirani.

mama_wawili: Mita ni moja nyumba nzima, tunashea na mwenye nyumba.

dereva wa noah: Uuuwi. Hapo ndipo pesa inapoishia. Ana friji?

mama_wawili: Mbili. Na mwanae anachomelea mageti uani.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, kile kisanduku

Binti Pangani: @mama_wawili hama hapo leo leo.

mama_wawili: Nimeshalipa kodi ya miezi sita.